Sahani ya Maua ya Buluu

Heri sahani tupu mlangoni kuliko sahani iliyojaa matangani.

Mmenisikia nikimwambia Sauda maneno hayo asubuhi, na nyote mkatazamana kama mliotegewa kitendawili msichokijua. Sauda ana bakuli la Bi Chausiku, jirani yetu, limekaa kabatini tangu katikati ya Ramadhani, na kila nikimuuliza ananijibu kwamba atalirudisha akipata cha kutia ndani. Sasa mnataka kujua methali hii imetoka wapi. Nitawaambia, lakini mikono isisimame. Mchele huo bado una mawe, nazi hazijakunwa, na Idi haimngoji mtu.

Methali hii ina mwenyewe, na mwenyewe aliitwa Somoe.

Alikaa hapa hapa Mikoroshoni, nyuma ya msikiti, enzi ambazo karibu kila nyumba ilikuwa ya makuti. Kwa mama yao walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake Mwanakombo. Baba aliwafia wangali wadogo, na mama akawalea kwa kusuka mikeka na kuuza vitumbua. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa moja, wakaikalia kwa zamu, huyu akikuna na yule akikamua tui, na mama akiwaambia kwamba atakayeharakisha kazi ndiye atakayekula machicha. Walipokua, Mwanakombo aliolewa na mtu mwenye mashamba, akahamia upande wa sokoni kwenye nyumba kubwa iliyojaa mawifi. Somoe aliolewa na Athumani, mkwezi wa minazi, mtu mpole asiye na mnazi hata mmoja wa kwake. Hawakujaliwa mtoto. Lakini hazikupita siku mbili bila dada na mdogo kuonana, na aliyeumwa kichwa huku, mwenzake alijifunga kitambaa kule.

Mama yao alipokufa aliacha vitu vichache, na kimoja ni sahani kubwa ya kaure yenye maua ya buluu ukingoni. Aliichukua Mwanakombo kwa kuwa ndiye mkubwa, na Somoe hakuwa na kinyongo, maana sahani yenyewe haikukaa mahali pamoja. Ijumaa hii ilikwenda nyuma ya msikiti na visheti, Ijumaa ya pili ikarudi sokoni na mkate. Nanyi mnaijua desturi yetu. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mwenye nacho hutia chakula, asiye nacho hutia hata ndimu mbili, hata chumvi ya kiganjani, ili aliyeleta ajue kwamba alichokileta kilipokewa kwa moyo.

Kwa Somoe desturi hiyo haikuwa na taabu, kwa kuwa alikuwa na mkono wa mkate wa kumimina. Mji mzima ulijua. Mtu akitaka mkate wenye matundu mazuri, laini ndani, uliopata rangi vizuri juu, alimpelekea Somoe mchele wake na nazi zake, akaenda zake kulala. Sahani iliyotoka kwa Somoe haikupata kumwonea haya aliyeipokea, na hilo lilimpa kiburi kidogo. Simsemi vibaya. Hata mimi nina kiburi cha pilau yangu, nanyi mnakijua.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa Rajabu, Athumani alianguka mnazini. Alishukia nyonga. Waganga wa mifupa walimfunga mianzi, wakamchua, wakamrudishia kutembea kwa mkongojo, lakini kukwea ndiyo ikawa basi. Tangu siku hiyo nyumba ilisimama juu ya mikono ya Somoe. Alisuka makuti ya kuezekea, akachonga chelewa akafunga mafagio, akaokota vifuu vilivyotupwa akavifanya vijiko na kata za maji. Kitu cha kutupwa katika nyumba ile hakikuwapo. Kanga ikichakaa katikati, pindo lake lilishonwa mto. Mfuko wa unga ukiisha unga, ulifuliwa ukawa kitambaa cha kufunikia chakula.

Ramadhani ikaingia. Mwanakombo akawa anamletea futari mdogo wake, leo tambi, kesho mihogo ya nazi, na kila mara Somoe aliirudisha sahani na ndimu, kwa kuwa nyuma ya nyumba yake palikuwa na mndimu, na mndimu hauhitaji mkwezi. Mwanakombo alizipokea ndimu zile kwa furaha. Alizitia achari, akajaza mitungi miwili.

Siku ya Idi ndogo sahani ya maua ya buluu ilikuja imejaa mpaka ukingoni, visheti, mkate, na mnofu wa nyama pembeni. Somoe na mumewe walikula siku mbili. Siku ya tatu akaiosha, akaifuta, akachuma ndimu mbili nzuri akaziweka juu, akajitanda, akashika njia ya sokoni.

Alipofika kwenye kona ya nyumba ya dada yake akasikia mawifi wawili wakizungumza barazani huku wakimenya mbatata. Walikuwa hawajamwona.

"Sahani za Mwanakombo zikienda nyuma ya msikiti," alisema mmoja, "hurudi na ndimu."

"Afadhali sisi tupate kachumbari," akajibu mwenzake, na wote wawili wakacheka.

Hawakuwa watu wabaya. Ule ulikuwa mzaha wa watu walioshiba, na mtu aliyeshiba hajui maneno yake yanaangukia wapi. Mwanakombo mwenyewe alikuwa ndani na hakusikia neno. Lakini Somoe alihisi uso umemwaka moto. Aligeuka pale pale kwenye kona na sahani yake na ndimu zake mbili, akarudi nyumbani. Hakumwambia mumewe. Aliitundika sahani ukutani, juu kabisa, akajiapiza moyoni kwamba haitarudi kule ila na mkate wa kumimina, mkate kama ule wa zamani, ili wale wanaocheka wafunue kawa na wakose la kusema.

Kosa lake ni hilo. Kutaka kurudisha kizuri si kosa, ila aliifanya sahani kuwa mlango. Sahani isipojaa, na yeye haendi.

Mfunguo mosi wote, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, Somoe alijinyima. Kila alipopima mchele wa chakula cha siku, alichota konzi moja akaitia kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya meko. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo alivyolelewa, na alijua kungoja. Mafagio manne alimpelekea mwenye duka, akapewa sukari ndani ya karatasi. Iliki aliomba kwa jirani punje sita. Lakini mwisho wa mwezi Athumani akapatwa na homa kali, hakuwa na hamu ya ugali wala muhogo, na mchele wa kibuyuni ukaliwa wote na mgonjwa. Somoe hakujuta. Alianza tena.

Mfunguo pili vuli ikaanza, tena ikaanza kwa kishindo. Makuti ya paa upande wa jikoni yalikuwa ya zamani, maana mwenye kuyabadilisha alikuwa ndiye yule mwenye mkongojo. Maji yakapenya usiku mmoja yakaingia kibuyuni, na mpaka Somoe anagundua, mchele ulikwisha fanya ukungu. Aliumwaga kwa kuku wa jirani. Alipanda mwenyewe paani akaezeka upya pale palipovuja, kuti juu ya kuti, huku Athumani amesimama chini akimwelekeza na kumwomba Mungu asianguke na yeye. Akaanza mara ya tatu.

Katika miezi hiyo miwili hakupita mbele ya nyumba ya dada yake hata mara moja. Alipokwenda sokoni alipita njia ya nyuma, ile ya migombani, yenye tope na siafu. Angesema nini akionwa mikono mitupu? Ijumaa alijifanya ana kazi. Mwanakombo, aliyekuwa akikaa barazani jioni, alimwona mara mbili kwa mbali, kanga yake ikipita kati ya migomba kisha ikapotea. Hakumwita. Yeye ndiye mkubwa, na kwetu mdogo ndiye humwendea mkubwa kumwamkia. Naye alikuwa na kiburi chake. Walinyonya titi moja wale.

Siku moja akaja Bi Kidawa, muuza maandazi, mtu wa kupita kila nyumba.

"Somoe, dada yako anaulizia sahani yake."

Somoe alikuwa akisuka. Hakuinua uso. "Amekwambia nini hasa?"

"Amesema, mwambie Somoe sahani yangu imekaa mno."

"Hakusema jingine?"

"Jingine hakusema. Nilimkuta amekaa, miguu ameiweka juu ya kigoda."

"Basi mwambie itarudi," alisema Somoe. "Tena itarudi imejaa."

Bi Kidawa alipoondoka Somoe alilia kidogo, kilio cha hasira. Alijiambia kwamba sasa hata dada yake mwenyewe amekuwa mtu wa kuhesabu vyombo, kwamba ukiishi na mawifi utafanana nao. Tangu siku hiyo akaongeza bidii. Ukindu uliobaki kwenye mikeka aliutia rangi nyekundu na zambarau, akasuka kawa mpya ya kufunikia sahani, ndogo na nzuri, ikitoshea ukingo wa maua barabara. Mfuko mmoja wa unga aliufua mpaka maandishi yakatoka, akaukata mraba, akaupiga pindo la kanga ya mama yao, ile kanga ya mwisho aliyokuwa ameiweka sandukuni. Kila kitu alichokitengeneza kilikuwa cha mabaki, na kila kimoja kilipendeza. Usiku ukiingia alikitazama kibuyu jinsi kinavyoinama kwa uzito, akatabasamu.

Mfunguo tatu, mwezi wa Idi kubwa, ukaandama. Siku ya tano ya mwezi, Athumani alirudi kutoka msikitini akajibwaga kwenye kitanda cha kamba.

"Nasikia dada yako hajambo sana," alisema, yaani anaumwa, kwa vile alikuwa mtu asiyependa kutamka ugonjwa. "Wanasema miguu imevimba, na pumzi inamkata."

Somoe aliacha kusuka. "Miguu ya Dada huvimba kila vuli."

"Safari hii wanasema imepanda mpaka mapajani. Mwanamvua amekuja kutoka kwa mumewe kumwuguza."

Mwanamvua alikuwa binti wa pekee wa Mwanakombo, aliyeolewa mji wa mbali.

"Nenda, mke wangu," alisema Athumani. "Nenda leo."

"Niingie kwa mgonjwa mikono inaning'inia? Tena na sahani yake ikiwa kwangu?"

"Peleka sahani."

"Ikiwa tupu? Mbele ya wale?"

"Somoe, anayeumwa ni Mwanakombo. Wale hawaumwi."

"Siku nne tu zimebaki," alisema Somoe. "Mchele umetimia, sukari ninayo. Siku ya Arafa nitapika, nimpelekee mkate wa moto, nikae naye mpaka Idi. Nimengoja miezi miwili, nitashindwa na siku nne?"

Athumani alitaka kusema neno, akaliacha. Alipokuwa mzee alikuwa akisema kwamba katika maisha yake alianguka mara mbili, mara ya kwanza mnazini, na mara ya pili siku ile alipolimeza neno lile.

Siku ya nane jioni Somoe aliloweka mchele. Siku ya Arafa aliamka na alfajiri, akafunga saumu yake, akautwanga mchele ule kinuni mpaka ukawa kama unga wa wanja, akauchanganya na tui zito la nazi mbili, sukari, iliki na hamira, akafunika. Mpaka adhuhuri mchanganyiko ulikuwa umeumuka na kutoa mapovu. Alipaka samli kwenye sufuria, akaumimina polepole, akaweka makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mvua ilikuwa imekatika. Kutoka kila uani ulisikika mchi na harufu ya vitunguu, maana mji wote ulikuwa ukiandaa Idi. Alipofunua, mkate ulikuwa umepanda ukafika mdomoni mwa sufuria, matundu yake sawasawa, juu rangi ya kahawia. Katika miaka yote ya kupika kwake hakuwahi kupata mkate kama ule. Alimwita Athumani autazame, na Athumani akasema, "Mashaallah, sasa nenda."

Aliugeuza kwenye sahani ya maua ya buluu. Akautandika kitambaa, akaufunika kawa, akajitwika kichwani, akatoka. Siku ile ndiyo siku aliyokusudia kupita njia kuu, kichwa juu, mbele ya baraza. Lakini miguu ilikwisha zoea. Alishtukia yuko kwenye njia ya migombani, na alipoona ameshafika katikati akaona hakuna haja ya kurudi. Njiani alikuwa akipanga maneno. Atasema, Dada, sahani yako imekaa mno, lakini haikukaa bure. Kisha watacheka, na Mwanakombo atamwita bahili wa miguu, jina alilompa utotoni.

Alifika kwa nyuma, akausukuma mlango wa uani kwa bega.

"Hodi."

Hakuna aliyeitikia. Wanawake watano sita walikuwa wamechutama kuzunguka sufuria kubwa iliyokaa juu ya mafiga, na ndani ya sufuria palikuwa na maji matupu. Uani pale hapakunuka kitunguu wala samli. Mmoja wa mawifi, yule aliyetaja ndimu siku ile, aliinuka, akaiona sahani kichwani mwa Somoe, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Dada yuko wapi?" aliuliza Somoe.

Mwanamvua akatokea mlangoni, macho mekundu. "Mama mdogo, hukukutana na Bi Kidawa? Tumemtuma kwako sasa hivi, amepita njia kuu."

"Nimepita migombani. Dada yuko wapi? Nimemletea sahani yake."

"Mama mdogo, kaa kwanza."

"Sikai. Niambie."

"Mama ametutoka," alisema Mwanamvua. "Baada ya adhuhuri, hata watu hawajatoka msikitini."

Somoe aliishusha sahani kutoka kichwani akaishika kwa mikono miwili. Mvuke ulikuwa ukipenya kwenye ukindu wa ile kawa mpya.

"Bado wa moto," alisema.

Mwanamvua aliichukua sahani kwa upole, akampa mtu aishike, akamkalisha mama yake mdogo kwenye kigoda. Kilikuwa kile kile kigoda cha kuwekea miguu.

"Amekufa amenikasirikia," alisema Somoe. "Kwa ajili ya sahani."

"Hakukukasirikia. Sahani ya nini? Ndani mna sahani ishirini. Nilimwuliza siku niliyofika, Mama, mbona unaitaja sahani hiyo kila saa? Akaniambia, 'Mimi mkubwa, nitambembelezaje mdogo wangu aje kunitazama? Nikiulizia sahani ataileta, nami nitamwona.'"

"Na mbona hamkutuma mtu kuniambia kwamba hali ni hii?"

"Alikataza. Alisema usije kwa ajili ya ugonjwa, uje kwa ajili ya undugu. Jana nilitaka kukufuata mwenyewe, akanishika mkono, akasema mngojee, Somoe haachi Idi ipite." Mwanamvua alijifuta uso. "Wiki nzima hakula. Tumempikia kuku, tumempikia samaki wa nazi, akageuza uso ukutani. Alitaka uji wa mchele, ule Bibi aliokuwa akiwapikia mkiumwa. Nikaupika. Akaonja, akasema si wenyewe. Akasema auwezaye ni Somoe."

Uji ule, wajukuu zangu, hauna siri. Ni konzi moja ya mchele uliopondwa, tui la mwisho lile jepesi, na chumvi. Ni uji wa mjane mwenye watoto wawili na asiye na kitu. Somoe alikuwa na konzi ile kila siku. Kila siku aliichota, akaishika mkononi, akaitia kibuyuni.

Hapo ndipo alipolia, na kilio chake watu wa barazani walikisikia.

Mpaka jamaa wote walipokwisha kuarifiwa jua lilikuwa limekwisha inama, wakaona maziko yawe kesho. Mwanakombo akazikwa siku ya Idi kubwa asubuhi. Takbiri zilisomwa na jeneza limewekwa mbele, na watu waliokuja na nguo mpya walikwenda nazo makaburini, wakarudi zimeingia udongo. Ule mkate Mwanamvua aliukata akawagawia watoto waliofuatana na mama zao matangani. Watoto waliusifu, wakaomba tena. Somoe aliwasikia wakiusifu. Yeye hakuonja, wala hakuonja mkate wa kumimina tena mpaka alipokufa, ingawa aliendelea kuwapikia watu.

Siku ya hitima, baada ya wageni kuondoka, Mwanamvua alileta sahani ya maua ya buluu pamoja na ile kawa, akasema, "Chukua, mama mdogo. Ni ya bibi, na sasa ni yako."

Somoe aliikataa. Aliipeleka mwenyewe kisimani, akaiosha, akaifuta kwa pindo la kanga yake, akarudi akasimama nje ya mlango wa mbele, ule mlango ambao hakuwa ameukaribia miezi miwili na siku kumi. Akabisha hodi. Mwanamvua akatoka. Wale mawifi wawili walikuwa wamekaa barazani.

"Pokea sahani ya mama yako," alisema Somoe. "Haina kitu ndani. Hivi ndivyo ilivyotakiwa kurudi."

Mwanamvua aliipokea kwa mikono miwili. Mmoja wa mawifi alianza kulia, akaingia ndani.

Tangu mwaka ule Somoe alivunja desturi. Ukimpelekea chombo leo, kesho asubuhi kiko mlangoni kwako, kimeoshwa, mara nyingi kitupu, na yeye mwenyewe amesimama nacho, na atakaa, atakuuliza habari ya mguu wako na habari ya mwanao aliye safarini. Mwanzoni watu walisengenya. Wakasema umaskini umemtoa haya. Hata siku ile bi harusi mmoja, mke wa jirani yake, alipoonekana akikwepa nyumba ya mama mkwe kwa sababu ya sufuria moja aliyokuwa hajairudisha, Somoe alimshika mkono njiani akamwambia yale maneno. Alimwambia kwa sauti ya chini, lakini njiani palikuwa na watu, na mji huu ni mdogo. Mpaka jioni kila mtu alikuwa nayo mdomoni, na hakuna aliyecheka.

Basi, huko ndiko ilikotoka.

Sauda, acha huo mchele, wenzako wataumalizia. Jana nilipokuwa natoka kwa daktari, Bi Chausiku aliniita kutoka dirishani. Hakutoka nje, alisema magoti yanamsumbua. Akaniuliza, "Sauda bado ana bakuli langu?" Mimi nimeingia nyumbani kwa Chausiku miaka arobaini. Ana mabakuli kabati zima, mengine hayajatoka kwenye karatasi zake. Hilo lililo kwako ni la plastiki, na limepasuka ukingoni.

Jitande, mwanangu. Usitafute cha kutia, wala usiangalie jikoni. Pita njia kuu. Heri sahani tupu mlangoni kuliko sahani iliyojaa matangani.